Ulipata presha ukiwa mjamzito? Namna ya kuyalinda macho yako miaka inayofuata

Kwanza la dharura. Kama una mimba ya zaidi ya wiki 20, au umejifungua ndani ya wiki 6 zilizopita, na umeanza kuona ukungu, vimulimuli, madoa meusi au vitu viwili viwili, au kipande cha unachokitazama hakionekani, nenda sasa hivi kwenye hospitali yenye huduma ya uzazi. Usianzie kwa daktari wa macho wala kwenye duka la miwani. Kinachotakiwa kupimwa kwanza ni presha na mkojo, kwa sababu dalili hizo zinaweza kutangulia degedege la kifafa cha mimba kwa muda mfupi tu.

Mengine yote hapa chini yanaweza kusomwa taratibu.

Jicho linaingiaje kwenye habari ya presha ya ujauzito

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, ndio unaopokea mwanga. Ni mojawapo ya sehemu chache mwilini ambapo daktari anaweza kuiona mishipa midogo ya damu moja kwa moja bila kupasua. Presha inapopanda, ateri ndogo za retina hujibana. Ikipanda sana, au ikikaa juu muda mrefu, kuta zake huharibika na kuanza kuvuja: damu hutoka kwa michirizi, maji na mafuta hujikusanya, na sehemu zilizokosa damu huonekana kama vipande vyeupe vya pamba. Hali mbaya zaidi ni pale neva ya jicho yenyewe inapovimba.

Katika preeklampsia, yaani presha ya ujauzito inayoambatana na kuathirika kwa viungo kama figo au ini, tatizo linaanzia kwenye kondo la nyuma. Kondo lisilopata damu ya kutosha humwaga kwenye damu ya mama protini iitwayo sFlt-1, ambayo hunasa vichocheo vinavyotunza utando wa ndani wa mishipa. Utando huo ukidhoofika, mishipa inabana na kuvuja kila mahali: figo hupitisha protini, ini huumia, ubongo huvimba, na retina nayo huguswa. Kondo likishatoka, protini hiyo hushuka ndani ya siku chache, na macho ya wengi hurudi sawa.

Lakini si kila kitu kinaisha. Mwanamke aliyewahi kupata preeklampsia ana uwezekano wa mara 3 hadi 4 zaidi wa kuja kuwa na presha ya kudumu, na karibu mara 2 zaidi wa kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi. Kisukari cha aina ya 2 nacho humpata zaidi. Presha na kisukari ndivyo vinavyoongoza kwa kuharibu mishipa ya retina, kwa hiyo si ajabu macho yakawa kwenye msururu huohuo. Utafiti wa Quebec, Kanada, uliochapishwa mwaka 2017, uliangalia zaidi ya wanawake milioni 1 waliojifungua kati ya 1989 na 2013. Waliopata preeklampsia walilazwa hospitali kwa magonjwa ya retina mara nyingi kuliko wenzao, hasa wale ambao ugonjwa wao ulikuwa mkali au ulianza mapema. Yaliyojitokeza ni pamoja na retina kuharibiwa na kisukari na retina kubanduka.

Hapa pana haja ya kuwa waangalifu na maneno. Hatari kuongezeka hakumaanishi utapofuka. Magonjwa haya bado ni machache kwa wanawake wa umri wa kuzaa, na wengi waliopata presha ya ujauzito hawatayapata kamwe. Pia haijulikani ni kiasi gani cha hatari kinaletwa na ujauzito wenyewe, na ni kiasi gani kilikuwapo tangu awali kwa sababu ya uzito, ukoo au sukari. Kwako wewe jibu la swali hilo halibadilishi hatua za kuchukua.

Hatua ya 1: Jua hasa ulichopata

"Nilikuwa na presha" haitoshi. Kuna hali tofauti, na uzito wake kwa macho si sawa.

- *Presha ya kudumu*: ilikuwapo kabla ya mimba, au iligunduliwa kabla ya wiki ya 20.
- *Presha ya ujauzito*: 140/90 au zaidi, iliyoanza baada ya wiki ya 20, bila protini kwenye mkojo na bila kiungo kingine kuathirika.
- *Preeklampsia*: presha hiyo pamoja na protini kwenye mkojo (miligramu 300 au zaidi kwa saa 24), au pamoja na kiungo kilichoathirika: chembe sahani (zinazogandisha damu) chini ya 100,000, vimeng'enya vya ini mara mbili ya kawaida, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) kupanda, maji kwenye mapafu, kichwa kuuma vikali bila kutulia, au kuona vibaya. Kwa hiyo unaweza kuwa na preeklampsia bila protini kwenye mkojo. Wengi huambiwa "mkojo ni safi" na kudhani wamesalimika.
- *Kifafa cha mimba*: degedege limetokea.
- *HELLP*: chembe nyekundu za damu zinapasuka, ini linaumia na chembe sahani zinashuka. Hali hii ina uhusiano wa karibu na retina kubanduka kwa maji.

Namba ya 140/90 huthibitishwa kwa vipimo viwili vilivyopishana kwa saa 4 au zaidi. Namba ya 160/110 haisubiri saa 4. Inarudiwa ndani ya dakika 15, na ikibaki hapo dawa inaanza mara moja.

Fungua kadi yako ya kliniki na karatasi uliyopewa ulipotoka wodini, uandike majibu ya maswali haya: Presha ilipanda wiki ya ngapi? Namba ya juu kuliko zote ilikuwa ipi? Protini ilikuwapo? Ulipewa sindano za magnesiamu, za kuzuia degedege? Ulipata degedege? Mtoto alizaliwa wiki ya ngapi na kwa uzito gani? Uliona vibaya wakati wowote, na uono ulirudi baada ya siku ngapi? Ugonjwa ulioanza kabla ya wiki ya 34 uuwekee alama. Huo ndio unaobeba hatari kubwa zaidi ya baadaye.

Kadi ikipotea, omba muhtasari kwenye hospitali uliyojifungulia mapema uwezavyo, maana kumbukumbu hazihifadhiwi milele.

Hatua ya 2: Pima presha kwa namna isiyokudanganya

Sehemu hii ndiyo inayokosewa kuliko zote, na kosa dogo linatosha kukupa dawa usizozihitaji au kukunyima unazozihitaji.

Chagua mashine ya kufunga kwenye mkono wa juu, juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono hazifai kwa kazi hii. Kwa mjamzito, mashine iwe imethibitishwa kwa wajawazito, kwa sababu mashine nyingi za kujipimia husoma chini ya ukweli kwa mwenye preeklampsia. STRIDE BP, shirika la kimataifa linalokagua mashine za presha, ina orodha ya mashine zilizothibitishwa, na ina sehemu maalumu ya ujauzito.

Kisha pima mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko kwa futi ya fundi cherehani. Mkanda wa kawaida hutosha mkono wa takriban sentimita 22 hadi 32. Ukizidi hapo, tafuta mkanda mkubwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo. Mkubwa mno kwenye mkono mwembamba huishusha.

Siku ya kupima:

1. Usinywe kahawa, usivute sigara na usifanye kazi ya nguvu kwa dakika 30 kabla. Nenda haja ndogo kwanza, kwani kibofu kilichojaa hupandisha presha.
2. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane. Tulia hivyo dakika 5. Simu weka mbali.
3. Vua nguo yenye mkono mzito, usiikunje juu mpaka ikabana. Mkanda ukae juu ya ngozi, ukingo wake wa chini ukiwa juu ya kiwiko kwa upana wa vidole viwili.
4. Laza mkono mezani ili mkanda uwe sawa na moyo. Mkono ukining'inia chini, namba hupanda. Ukiinuliwa juu ya moyo, hushuka.
5. Pima bila kuongea. Subiri dakika 1, pima tena. Andika zote mbili, tarehe na saa. Usichague ile inayokupendeza.

Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili. Ikitofautiana, tumia siku zote ule wenye namba kubwa.

Kuna kosa moja la wodini ambalo hata wauguzi wenye uzoefu hulifanya. Mjamzito amelala ubavu wa kushoto, mkanda umefungwa mkono wa kulia ulio juu. Mkono huo uko juu ya moyo, kwa hiyo mashine inaonyesha presha nzuri isiyokuwapo. Ukiona hivyo, omba upimwe umekaa.

Hatua ya 3: Tofautisha matatizo ya macho wakati wa ujauzito

Mara tu ukishapimwa presha na kuonekana iko sawa, ndipo unapoweza kufikiria sababu nyepesi. Zipo. Ujauzito huongeza kidogo unene wa konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, na kuyafanya macho yawe makavu. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho huanza kukwaruza, na miwani ya zamani huonekana haikufai. Mabadiliko haya huja polepole, katika macho yote mawili, bila maumivu ya kichwa. Usitengeneze miwani mipya kwa ajili yake. Subiri wiki kadhaa baada ya kujifungua, kwa sababu vipimo mara nyingi hurudi vilipokuwa.

Zisizo nyepesi ni hizi:

*Vimulimuli na madoa* katika preeklampsia huja pamoja na kichwa kuuma, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Mara nyingi chanzo chake ni ubongo na mishipa iliyobana, kwa hiyo daktari wa macho akichungulia anaweza asione kitu. Jicho kuonekana zima hakumaanishi mama yuko salama.

*Retina kubanduka kwa maji* hutokea pale tabaka lenye mishipa lililo nyuma ya retina linapovuja, maji yakaisukuma retina mbele. Uono hufifia, mara nyingi macho yote mawili. Tofauti na retina iliyochanika, hii kwa kawaida haihitaji upasuaji. Tiba ni kushusha presha na kumzalisha mama, na maji hunyonywa yenyewe ndani ya wiki chache.

*Kutoona kabisa* ilhali mboni zinajibana kwenye mwanga kama kawaida huonyesha kuwa sehemu ya nyuma ya ubongo imevimba. Inatisha sana kwa mgonjwa na ndugu zake, lakini presha ikidhibitiwa mapema uono kwa kawaida hurudi ndani ya siku chache.

*Sindano za magnesiamu* nazo huleta ukungu, kope kulegea na kuona viwili viwili. Mwambie muuguzi, usinyamaze ukidhani ni ugonjwa ule ule. Yeye atapima mshtuko wa goti (mguu kuruka goti linapogongwa), upumuaji na kiasi cha mkojo, maana mshtuko wa goti ukipotea ni dalili kwamba dawa imezidi. Dawa yenyewe usiikatae kwa sababu ya ukungu: utafiti mkubwa wa Magpie wa mwaka 2002 ulionyesha inapunguza degedege kwa zaidi ya nusu.

Ukipelekwa kwa daktari wa macho ukiwa mjamzito, sema una mimba na una presha kabla ya kutiwa matone. Matone ya tropikamidi ya kupanua mboni hutumika inapobidi. Finailefrini, hasa ya asilimia 10, inaweza kupandisha presha na haifai kwako. Baada ya tone, funga jicho na ubane kwa kidole pembe ya ndani karibu na pua kwa dakika 2 au 3, ili dawa kidogo tu iingie mwilini. Picha za retina za kawaida hazina shida. Ile ya kuchomwa rangi mshipani kwa kawaida huahirishwa mpaka baada ya kujifungua.

Hatua ya 4: Wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua

Presha haishuki siku ya kujifungua. Mara nyingi hupanda tena na kufika kilele kati ya siku ya 3 na ya 6, yaani pale wengi wanapokuwa wamesharudi nyumbani na wageni wanamiminika. Preeklampsia inaweza hata kuanza upya katika kipindi hiki kwa mama ambaye hakuwa nayo.

Pima kila siku kwa wiki 2 za kwanza, kama una mashine. Kama huna, rudi kituoni upimwe ndani ya siku 3 baada ya kujifungua, tena kati ya siku ya 7 na ya 10. Ukiona 150/100 wasiliana na kituo siku hiyo hiyo. Ukiona 160/110, au namba yoyote iliyopanda ikiambatana na kichwa kuuma vikali, kuona vibaya, kukosa pumzi au maumivu ya juu ya tumbo, nenda hospitali bila kusubiri asubuhi.

Usiache dawa kwa sababu tu mtoto amezaliwa. Nifedipini, labetalo na enalapri hutumika kwa mama anayenyonyesha, ingawa enalapri haifai ukiwa mjamzito na kwa mtoto njiti daktari huipima kwa uangalifu zaidi. Methiladopa mara nyingi hubadilishwa baada ya kujifungua kwa kuwa inaweza kumtia mama huzuni, wakati ambao tayari ni mgumu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kupandisha presha kwa baadhi ya watu. Uliza kabla ya kuzitumia, hasa kama figo zilihusika.

Kama macho yalisumbua, fika kliniki ya macho ukiwa na wiki 6 hadi 12 tangu ujifungue hata kama sasa unaona vizuri. Lengo ni kuhakikisha maji yamekauka na retina haikuacha kovu katikati, penye uono wa kusomea.

Wiki ya 6 hadi ya 8 fanya uchunguzi kamili: presha, mkojo, kreatinini kama ilikuwa imepanda, na sukari. Aliyepata kisukari cha mimba apimwe kwa kunywa glukosi gramu 75, kati ya wiki ya 4 na ya 12. Protini ikiwa bado ipo kwenye mkojo wiki ya 8, irudiwe ukifikisha miezi 3. Ikibaki, unahitaji daktari wa figo. Presha ikiwa bado juu wiki ya 12, hiyo si presha ya ujauzito tena.

Hatua ya 5: Andika ukurasa mmoja utakaotembea nao

Daktari wa macho utakayemwona miaka 15 baadaye hatakuuliza habari za mimba zako. Mara nyingi atauliza kisukari, presha ya sasa na dawa unazotumia, basi. Kwa hiyo wewe ndiye utakayeitaja presha ya ujauzito. Weka kwenye karatasi moja: aina ya tatizo, mwaka na wiki lilipoanza, namba ya juu kabisa, wiki ya kujifungua, dalili za macho kama zilikuwapo, na mimba ngapi zilikuwa hivyo. Kujirudia katika mimba zaidi ya moja huongeza uzito wa historia hiyo. Ipige picha, ihifadhi kwenye simu, na nakala impatie mtu wa karibu.

Sentensi ya kumwambia daktari inaweza kuwa fupi: "Nilipata preeklampsia mimba ya wiki 31, presha ilifika 170/115, na niliona ukungu kwa siku nne." Hapo ameshajua atazame nini.

Hatua ya 6: Uchunguzi wa macho wenye maana

Kusoma herufi ukutani kwa umbali wa mita 6 ni mwanzo tu. Mtu anaweza kusoma mstari wa mwisho huku pembeni mwa retina kunavuja damu. Unachotaka ni *kutazamwa retina mboni ikiwa imepanuliwa*, na ikiwezekana picha ya retina. Picha ina faida moja kubwa, nayo ni kulinganisha. Mshipa mwembamba leo hauna maana sana mpaka uonekane jinsi ulivyokuwa miaka 5 iliyopita. Omba nakala yako.

Matone huanza kufanya kazi baada ya dakika 20 hadi 30, na ukungu hudumu saa kadhaa, kwa kawaida 4 hadi 6. Usiendeshe gari. Vaa miwani ya jua. Kipimo cha OCT huonyesha matabaka ya retina kwa mwanga, bila kuguswa jicho, na ndicho kinachonasa maji machache yaliyojificha katikati.

Utapimwa pia presha ya jicho, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21. Hiyo ni ya majimaji ya ndani ya jicho na inahusika na glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho. Iko mbali na presha ya damu: moja kuwa nzuri hakukuambii lolote kuhusu nyingine, na dawa ya moja si ya nyingine.

Ni mara ngapi? Hakuna ratiba moja iliyokubaliwa duniani kwa waliopata presha ya ujauzito, kwa hiyo huu ni ushauri wetu. Mwenye kisukari, kila mwaka, bila mjadala. Mwenye presha ya kudumu, anzia na uchunguzi mmoja kamili mara inapogunduliwa, kisha kwa kadiri daktari atakavyoona retina. Kila mwaka 1 au 2 si kupoteza muda. Aliyekuwa na hali kali, ya mapema, au yenye dalili za macho, afanye uchunguzi mmoja wa msingi ndani ya mwaka wa kwanza, asingoje dalili. Mwenye presha nyepesi ya ujauzito ambaye sasa namba na sukari ni sawa, hahitaji zaidi ya uchunguzi wa kawaida, mradi afikapo miaka 40 aufanye kweli.

Hatua ya 7: Kila mwaka, vitu vinavyolinda retina

Dawa ya macho hapa haipo. Hakuna tone wala kidonge cha vitamini kinachofuta hatari hii. Anayekuuzia anakuuzia matumaini. Kinachofanya kazi ni kuilinda mishipa.

Pima presha angalau mara moja kwa mwaka maisha yote. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi unahesabika kuwa presha iliyopanda. Pima sukari kila mwaka 1 hadi 3, mafuta ya damu na kreatinini kwa ratiba ya daktari wako. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ukihesabu na ile iliyofichwa kwenye vyakula vya viwandani. Mwendo wa haraka dakika 150 kwa wiki. Sigara acha kabisa.

Uzazi wa mpango una nafasi yake hapa na husahaulika. Vidonge vyenye estrojeni hupandisha presha kwa baadhi ya wanawake na huongeza uwezekano wa damu kuganda, pamoja na kuziba kwa vena ya retina, mshipa unaorudisha damu. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mwenye historia ya presha ya ujauzito ambaye presha yake sasa ni ya kawaida anaweza kuvitumia kwa ufuatiliaji. Mwenye 140/90 kwa kawaida hashauriwi, na mwenye 160/100 havimfai kabisa. Kitanzi hakina tatizo hilo.

Ukianzishiwa dawa ya presha, usiitumie kwa vipindi. Kupanda na kushuka kwa ghafla huiumiza mishipa, na retina haina njia ya kukuonya mapema kwa maumivu.

Hatua ya 8: Kabla ya mimba nyingine

Onana na daktari kabla ya kushika mimba. Dawa kama enalapri na losatani zibadilishwe, kwani humdhuru mtoto tumboni. Mwenye kisukari achunguzwe retina kabla ya mimba au katika miezi 3 ya kwanza, kisha tena karibu na wiki ya 28, kwa kuwa ujauzito unaweza kuharakisha uharibifu uliokwisha kuanza. Aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kila usiku, hupunguza uwezekano wa preeklampsia kurudi. Huanza wiki ya 12, na faida hupungua ikichelewa kupita wiki ya 16. Anayekula kalisi kidogo huongezewa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, zikigawanywa mara tatu na zikipishana na vidonge vya madini ya chuma kwa saa kadhaa, la sivyo vinazuiana kufyonzwa. Usijianzishie aspirini bila kuulizwa habari za vidonda vya tumbo, pumu na damu kutoka.

Dalili ambazo hazisubiri, umri wowote

Funika jicho moja, kisha jingine, mara moja kwa wiki, ukitazama mistari iliyonyooka kama ya mlango au daftari la hesabu. Macho mawili yakiwa wazi, jicho lililo zima linaweza kuficha ugonjwa wa mwenzake kwa miezi.

Uono wa jicho moja ukizimika ghafla bila maumivu, hesabu kama kiharusi: ateri ya retina ikiziba, nafasi ya kuokoa kitu ni ya saa chache, kwa hiyo nenda hospitali kubwa yenye idara ya dharura. Uono ukififia ghafla ukabaki na ukungu mzito, huenda ni vena iliyoziba. Ina tiba ya sindano za ndani ya jicho, na inataka kuonwa siku hiyo au kesho yake. Vimulimuli vipya, vijidoa vingi vinavyoelea mbele ya jicho kwa mara moja, au kivuli kama pazia kikitokea pembeni ni dalili za retina kuchanika au kubanduka, na upasuaji hufaulu zaidi pale katikati ya retina inapokuwa bado haijabanduka. Mistari iliyonyooka ikionekana imepinda, onwa ndani ya wiki hiyo.

Katika yote hayo usijiendeshe, usitie matone ya mtu mwingine, na taja presha ya ujauzito wako mapema, pamoja na dawa unazotumia sasa.